Mkulima Aambiwe Ukweli Kuhusu Jeli ya Maji

Anayembadilisha mtoto nepi iliyolowa mno huziona: punje laini, zinazoteleza. Hiyo ni haidrojeli, wavu wa molekuli ndefu zinazopenda maji, zilizofungamana ili zivimbe bila kuyeyuka. Gramu moja kavu yaweza kunyonya mamia ya gramu za maji safi.

Kuitia shambani si jambo geni. Miaka ya 1970, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois, waliunganisha wanga wa mahindi na kemikali za jamii ya akriliki, wakapata unga unaokunywa maji kupita kiasi. Ulipakwa kwenye mbegu na mizizi ya miche. Huo ni msaada wa kweli, hasa kwa mche uliohamishwa jua likiwaka.

Lakini jeli haileti mvua.

Hutunza tu maji yaliyokwisha kufika, na maji yakiwa ya chumvichumvi uwezo wake hushuka vibaya. Muuzaji anayelinyamazia hilo anamdhulumu mkulima. Pakiti iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: kipimo, aina ya maji yanayofaa, na muda wa jeli kuoza, kwani ile ya poliakrilamidi, aina isiyo ya wanga bali ya kemikali tupu, hukaa udongoni miaka.