Maini kwa baba, chai kwa mtoto

Wasee wa Masalani, hili lazima tuliseme. Asubuhi hotelini maini ya mbuzi na anjera yanaisha mapema, na meza zote wamekaa wanaume. Nyumbani, mtoto wa miezi 8 anachovyewa biskuti kwenye chai. Eti hana meno! Sasa maini yakipondwa yanataka meno gani?

Maziwa ni mazuri, sisi sote tumekulia hayo. Lakini ya ng'ombe hayana madini ya chuma ya kutosha, na chai inazuia hata yale machache yasiingie mwilini. Akifika miezi 6 mpe uji mzito, yai, ndizi ya kuponda, maini kidogo. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka 2. Qurani yenyewe imetaja hiyo miaka miwili, kwa hivyo dini msiniletee.

Najua, mtasema ukame. Ule wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo, na kuna nyumba mpaka leo hazijainuka. Hao sina neno nao. Naongea na wewe, abti, unayelipia sahani nzima kila siku. Kesho mwambie mwenye hoteli akufungie nusu, upeleke nyumbani.