Si Kila Kitu ni Mawazo

Hapa kambini kuna jibu moja kwa kila ugonjwa usioonekana: "Mama, una mawazo mingi." Hulali? Mawazo. Unasahau? Mawazo. Utadhani mkimbizi hana mwili!

Mawazo nayajua. Nilitoka Kivu ya Kaskazini mwaka 2012, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Mwaka uliofuata nilikuwa nafundisha hesabu hapa Uganda, watoto zaidi ya mia darasani, na majina yao yote nilikuwa nayo kichwani. Vita haikunifutia hayo majina. Yalifutika baada ya Juni 2021, korona ya wimbi la pili, nchi imefungwa siku 42. Sikulazwa. Homa siku tano, harufu ikapotea, basi nikajua nimepona.

Kumbe bado. Kichwa kikawa kama redio isiyoshika stesheni. Nasimama ubaoni, saba mara nane haiji. Nalala saa tatu usiku, saa saba niko macho, moyo unapiga mpaka jogoo awike. Nikifua nguo leo, kesho siinuki.

Kazi ya shule nikaiacha. Lakini kilichonifanya niandike ni mahojiano. Niliulizwa nilivuka mpaka mwezi gani. Faili ilisema Julai, mimi nikasema Novemba. Kijana akainua macho: "Mama, mbona unabadilisha maelezo?" Kwa hiyo kwa daktari kusahau ni mawazo, na kwa mwenye faili ni uongo.

Ndugu zetu wa mashirika, Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza ugonjwa huu: dalili ambazo mtu anakuwa nazo, kwa kawaida, miezi mitatu baada ya korona kuanza, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Uchovu na akili kutofanya kazi sawasawa vimetajwa humo. Hata asiyelazwa anaupata. Kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha hakuna, ndiyo maana lazima muulize.

Mtasema vita, malaria na upungufu wa damu pia vinaleta hayo. Kweli. Basi pimeni malaria, pimeni damu, pimeni presha, halafu ulizeni: "Ilianza lini? Kabla ya hapo uliugua nini?" Maswali hayo hayangoji bajeti kutoka Geneva. Na kwenye mahojiano, mtu aruhusiwe kuingia na karatasi yake ya tarehe, apumzike akichoka, na kusahau kusiandikwe uongo kabla daktari hajaulizwa.

Na sisi wenyewe tuache kuambiana "jikaze". Nilijikaza mwezi mzima, nikaishia kulala wiki mbili. Wenye ugonjwa huu tunapima nguvu kama tunavyopima unga wa posho: kidogo leo, ubaki wa kesho.

Haya maneno nimeyaandika siku kumi na moja, mistari mitatu mitatu. Tarehe zangu zote sasa ziko kwenye daftari. Mkiniita tena, nitakuja nalo.