Maumivu Baada ya Upasuaji: Tuache Kusema "Jikaze"



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya neno moja linalosikika sana wodini saa ya kuwaona wagonjwa. Mama amejifungua kwa upasuaji jana. Leo ndugu wamefika na chupa ya uji na bakuli la mtori. Akikunja uso anapojigeuza kitandani, shangazi humwambia: "Jikaze mwanangu, wenzako wote wamepita hapo hapo." Neno hilo husemwa kwa upendo. Hata hivyo, kwa maoni yangu linawadhuru wagonjwa wetu, na leo nitaeleza kwa nini.

Huku kwetu Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, uvumilivu ni sifa. Kijana wa Kiarusha au wa Kimaasai anapotahiriwa hutazamiwa asitikise hata kope. Mila hiyo ina mahali pake, lakini wodi ya upasuaji si jando. Mgonjwa hakuja kupimwa ushujaa. Amekuja kupona, na maumivu makali yakiachwa bila kutulizwa huchelewesha kupona.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 waliozaliwa hapa Tanzania, 6 walizaliwa kwa upasuaji. Ule wa mwaka 2022 ulikuta wamefika 11. Ni vigumu leo kupata jumuiya isiyo na mama mwenye kovu hilo.

Mwili unafanya nini?

Upasuaji hata ukifanywa vizuri namna gani, bado ni jeraha. Sehemu iliyokatwa hutoa kemikali zinazoita damu na chembechembe nyeupe zije kulinda na kutengeneza. Ndipo mahali hapo panapovimba, panapopata joto na kuuma. Uvimbe huo wa siku za kwanza si ugonjwa. Ni mafundi wamefika kazini.

Miongoni mwa kemikali hizo zimo prostaglandini. Kazi yake mojawapo ni kuamsha neva za maumivu, hata kanga ikigusa tu karibu na kidonda mgonjwa hushtuka. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alionyesha kuwa aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni na diklofenaki tunazozifahamu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Hapo hapo ubongo hupata habari kwamba mwili umejeruhiwa. Tezi ndogo zilizo juu ya figo hutoa homoni mbili. Ya kwanza ni adrenalini, inayofanya moyo uende mbio na presha ipande. Ya pili ni kotisoli, inayoongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu, na pia huzuia uvimbe usipite kiasi. Kwa muda mfupi homoni hizi ni msaada. Lakini maumivu, hofu na kukosa usingizi vikiendelea, nazo huendelea kumwagwa. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu, kidonda hupona polepole na kinga ya mwili hupungua. Mgonjwa wa kisukari naye huona sukari yake ikipanda. Kwa hiyo maumivu huchochea homoni, homoni huchelewesha uponaji, na uponaji ukichelewa maumivu nayo hurefuka.

Kina mama wana jambo la ziada. Mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni iitwayo oksitosini, nayo hukaza mji wa mimba ili damu ipungue. Ndiyo maana tumbo husokota wakati wa kunyonyesha, hasa kwa mama aliyezaa mara kadhaa. Mama asikatishe kunyonyesha kwa sababu hiyo, atulizwe maumivu. Aidha, tafiti nyingi zimeona kuwa wanawake hutaja maumivu makali zaidi ya wanaume baada ya upasuaji. Wataalamu wanachunguza kama homoni za kike zinahusika, na jibu moja halijapatikana. Kwa vyovyote vile, mama akisema anaumia asiambiwe anadeka.

Hasara ya kunyamaza

Anayeumia sana hakohoi wala havuti pumzi ndefu, na hapo ndipo nimonia hupata nafasi. Haamki kutembea, na damu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika wiki za kwanza baada ya kujifungua. Zaidi ya hayo, jarida la kitabibu la The Lancet lilieleza mwaka 2006 kwamba baada ya upasuaji kama ule wa ngiri, wa titi au wa kukatwa kiungo, watu kati ya 10 na 50 katika kila 100 hubaki na maumivu ya muda mrefu. Ukali wa maumivu ya siku za kwanza ni mojawapo ya dalili zinazotangulia hali hiyo.

Tena, asiyesema anaumia hawezi kusema kwamba maumivu yamebadilika. Mwaka 2016 hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika zilifuatilia wagonjwa 11,422 waliofanyiwa upasuaji. Theluthi moja walikuwa mama waliojifungua. Karibu mgonjwa mmoja katika kila watano alipata matatizo, na yaliyoongoza ni maambukizi. Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakianza kupanda tena, hiyo ni kengele.

Wako wanaokataa dawa wakidhani ni utovu wa imani. Hao nawakumbusha kwamba Papa Pius XII, akizungumza na madaktari wa usingizi tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kuwa ni halali kwa Mkristo kutumia dawa za kutuliza maumivu. Kuyatolea maumivu kwa Mungu ni jambo jema, lakini hakuna anayelazimishwa kuumia.

Tufanye nini?

1. Kabla ya upasuaji, uliza utafanyiwa nini na utatulizwa namna gani. Hofu huongeza maumivu, na maelezo huipunguza.

2. Sisi wauguzi tumuulize mgonjwa maumivu yake kila tunapompima joto, aseme kwa namba kuanzia 0 hadi 10, nasi tuandike kwenye faili.

3. Dawa inywewe kwa saa zake, isisubiri maumivu yafike kileleni. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku.

4. Usichanganye diklofenaki na ibuprofeni. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha asizitumie bila kumwona daktari. Mama anayenyonyesha asinunue tramadoli wala kodeini dukani.

5. Mgonjwa asaidiwe kuamka na kutembea mapema, akishika tumbo kwa mto mdogo anapokohoa.

6. Nyumbani, mama apumzishwe kwa wiki 6. Ndoo ya maji, mzigo wa kuni na majani ya ng'ombe vibebwe na wengine, baba wa nyumba akiwa wa kwanza.

7. Rudini hospitali mara moja mkiona homa, usaha, kidonda kufunguka, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba au kupumua kwa shida. Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Gusa kwa mgongo wa mkono: penye joto, pagumu na panapong'aa pana shida.

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mara nyingine ukienda kumwona mgonjwa, usimwambie ajikaze. Mwambie, "Pole mama, unaumia wapi?" Kisha mwite muuguzi.