Kikombe cha Babu: Hoja Zinazokataa Kufa

Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alifariki Julai 2021. Kikombe chake hakikuzikwa naye. Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, litajwe jani jipya linalotibu kila kitu, na hakosi mtu wa kusema: "Mbona Loliondo watu walipona?" Na marehemu sina ugomvi. Mwaka 2011, watu walipopanga foleni kijijini kwake Samunge, Loliondo, alitoza shilingi 500 kwa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga, nauli ya daladala tu. Ugomvi wangu ni na hoja zilizobaki, kwa kuwa leo zinauzia watu dawa nyingine, na hizi bei yake si shilingi 500.

"Watu walipona na walitoa ushuhuda."

Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na mimi mwenyewe ilinichukua muda kuuona ufa wake. Aliyekunywa akapata nafuu alirudi kwao akasimulia. Aliyekunywa akafa hakusimulia kitu, na wafiwa hakuna aliyewafuata na kipaza sauti. Masikio yetu yalijaa habari za upande mmoja, nasi tukadhani tumesikia zote.

Lipo kubwa zaidi ya hilo: wagonjwa wengine hupata nafuu bila dawa yoyote. Mwaka 1948 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuijaribu streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Waligawanywa kwa namna ya kura, daktari asipate nafasi ya kumchagulia ampendaye. Wagonjwa 55 walipewa dawa, 52 walipumzishwa kitandani tu kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4, waliolala tu 14. Dawa ilishinda. Lakini watazame vizuri hao wa kulala tu. Picha za eksirei zilionyesha wanne kati yao wamepata nafuu kubwa, na wengine 13 nafuu ya kadiri au ndogo. Watu 17 kati ya 52, bila tone la dawa! Wangekuwa wamepitia Samunge kwanza, tungepata mashahidi 17, wote waaminifu, wote wakiusifia mti ambao haukuwafanyia chochote.

Kwa hiyo "nani kapona?" ni swali lisilotosha. Walikunywa wangapi? Kati yao walipona wangapi? Na wagonjwa kama wao ambao hawakunywa, walikuwaje? Kwenye foleni ile ya kilomita nyingi, watu walihesabiwa kwa vikombe tu, si kwa kupona.

"Sukari yangu ilishuka, karatasi ya hospitali ninayo."

Nakuamini. Ila sukari na presha hupanda na kushuka zenyewe, na mtu hufunga safari ya mbali siku zinapokuwa juu kabisa. Aliye kileleni, hatua inayofuata kwa kawaida ni ya kuteremka. Ongeza siku kadhaa za kulala garini ukila kwa kubahatisha: hapo sukari isiposhuka itashuka lini?

"Wanasayansi wenyewe waliuthibitisha mugariga."

Hapa ipo chembe ya ukweli iliyokuzwa ikawa mlima. Mwaka 2006, miaka mitano kabla ya foleni, watafiti nchini Kenya walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kwenye mizizi ya mti huo ilizuia virusi vya herpesi, vile vya malengelenge ya mdomoni na sehemu za siri. Ni kazi ya heshima. Lakini walipima kwenye seli za maabara na kwa panya, na herpesi si virusi vya ukimwi, wala si kisukari, wala si saratani. Katika kibakuli cha maabara hata siki huua vijidudu vingi, na hakuna anayeichomea mgonjwa mshipani.

"Kwani dawa za hospitali hazitoki mitini?"

Zinatoka, tena nyingi. Kwinini ilitolewa kwenye magome ya mti wa sinkona mwaka 1820. Dawa mseto tunayomeza tukipata malaria ina asili ya pakanga ya Kichina, na mama aliyeifukua, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tazama tu alivyofanya. Dawa ya kwanza aliyokamua ilikuwa ikifanya kazi leo, kesho haifanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu wa kale, akaona kwamba jani lilikuwa likilowekwa kwenye maji tu, akashuku kuwa moto ndio unaoiharibu dawa. Akabadili njia. Akajaribu kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe, ndipo wakaipeleka kwa wagonjwa. Mzee wa kale aliaminiwa kiasi cha kusomwa kwa makini, kisha akapimwa. Mugariga wetu nao unastahili heshima hiyo.

"Lile lilikuwa jambo la imani, halipimwi."

Imani siigusi. Damu ndiyo inayopimwa. Hata wale wakoma kumi wa Injili ya Luka waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa na kazi ya kukagua na kutamka kwamba mtu ametakasika. Aliyepona kweli anakiogopea nini kipimo?

"Wazungu hawataki tiba ya Mwafrika ionekane."

Basi na tuanze na Mzungu. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alitangaza mwaka 1890 kwamba amepata tiba yake. Wagonjwa walimiminika Berlin kama sisi tulivyomiminika Samunge. Tiba ile haikuponya, na jina kubwa la Koch halikuiokoa. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1990, Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya ukimwi iliyotoka kwa watafiti wenye shahada zao, na Rais Moi akaisimamia. Ushahidi wa mwanzo haukuwa na kundi la kulinganisha. Ilipopimwa na wengine kwa kulinganisha, faida haikuonekana. Mganga, profesa na rais wote walikalia kiti kimoja mbele ya swali lilelile: walipona wangapi, kulinganisha na wasiotumia?

Na kulijibu si kazi ya Wazungu peke yao. Miaka ya 1970 mwanzoni, wagonjwa na madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu. Dunia nzima ikafuata. Ajabu ni kwamba hilo hatulisimulii vijiweni.

"Lakini haikumdhuru mtu."

Hii ndiyo hunikasirisha. Maji ya mizizi yenyewe huenda hayakumdhuru mtu. Lakini wapo waliotolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na magazeti ya wakati ule yaliripoti makumi ya watu waliofia njiani na kwenye foleni. Machi 2011 ilibidi Babu mwenyewe aombe watu wasije kwa muda hadi foleni ipungue. Wapo pia walioacha dawa za kufubaza virusi vya ukimwi kwa kuamini wamekwisha kupona, na virusi vilivyoachiwa hivyo huzaliana upya ndani ya wiki chache.

Kikombe kingine kitakuja, kama si mwaka huu basi mwakani. Ukitaka kunywa, kunywa. Ila vidonge vyako usiviache hata siku moja, na ukirudi pitia kliniki ukapime kabla hujamsimulia jirani.