Tulipie kipimo kabla ya kununua stata nyingine

Fundi wa magari katika miji yetu ya mpakani hulipwa kwa kile alichokifunga, si kwa kile alichokigundua. Kwa maoni yangu hapo ndipo hasara inapoanzia kwetu sisi wenye magari ya zamani, hasa tunaoishi kati ya Makamba na mpaka wa Tanzania, ambako gari lenye umri wa miaka 25 ni gari la kawaida kabisa. Gari likikataa kuwaka alfajiri, mwenyewe hutamka hukumu kabla ya fundi kufika: stata imekufa. Fundi hana sababu ya kubisha. Akibisha na kupima, hapewi kitu. Akifungua stata na kufunga nyingine kuukuu iliyotoka Dar es Salaam, analipwa ufundi wake na pengine anapata kidogo kwa muuza vipuri.

Ndugu msomaji, stata ni mota ya umeme inayotumia mkondo mkubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Balbu moja ya taa kubwa ya mbele hutumia kama ampea 5. Stata ya gari dogo huhitaji ampea 100 hadi 200, na ya lori huhitaji zaidi. Ndiyo maana ile hoja inayosikika kila siku, kwamba taa zinawaka na kwa hiyo betri haina tatizo, haina uzito. Chukua kutu kidogo kwenye kichwa cha betri yenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa ya ampea 5 itapoteza hapo volti 0.1, wala hutaona tofauti. Stata ya ampea 150 itapoteza volti 3 kati ya 12, na gari halitazunguka. Hesabu hii ya kuzidisha mwanafunzi wa sekondari anaiweza, ila tunamfundisha aikariri kwa ajili ya mtihani badala ya kumpeleka akaione chini ya boneti.

Jirani yangu hubeba mawese kutoka Nyanza-Lac hadi Mabanda kwa gari dogo la Toyota. Katika mwaka mmoja alinunua stata tatu. Kila iliyofungwa ilifanya kazi wiki kadhaa, kisha ugonjwa ukarudi, naye akawalaani wauza vipuri kwamba wanamuuzia mizoga. Kumbe kosa lilikuwa kwenye terminali ya waya wa ethi, iliyojaa ule unga mweupe kwa ndani. Fundi akitaka kutoa stata ni lazima kwanza afungue waya wa betri, na akimaliza aurudishe na kuukaza. Kule kuufungua na kuukaza ndiko kulikokuwa kukiliponya gari, na sifa zikaenda kwa stata mpya. Dawa ilikuwa kipande cha msasa na maji ya moto. Stata tatu ni mtaji, na siku ambazo gari lililala, wateja wake wa Mabanda walinunua mawese kwa mtu mwingine. Wawili kati yao hawajarudi hadi leo.

Gari lenyewe husema, ila tunalikatiza. Ukizungusha ufunguo ukasikia mlio wa haraka, tik-tik-tik-tik, na taa za dashibodi zikafifia, betri imechoka au waya umelegea; stata huenda haina kosa lolote. Ukisikia mlio mmoja mzito, ta!, kisha kimya, na taa zikabaki zinang'aa, hapo ndipo uishuku stata yenyewe. Hata hivyo usiitupe. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kinacholika ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ambavyo hubadilishwa peke yake, na mota ikabaki nzima. Kaboni nazo hubadilishwa. Stata ikizunguka kwa kasi bila kuigeuza injini, bendeksi imechoka au meno ya flaiwili yamelika. Na isiposikika sauti yoyote, tafuta kwenye fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Kwa gari la otomatiki jaribu kwanza kuhamisha gia kutoka P kwenda N, maana ipo swichi ndogo inayozuia kuwasha gari likiwa kwenye gia.

Sisi warejea tuna tatizo letu la ziada. Tuliosoma Ulyankulu, mkoani Tabora, tulifundishwa sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Niliporejea mwaka 2009 nilikuta gereji zinazungumza Kifaransa: stata ni demareri, ethi ni masi, na kaboni huitwa sharbo, neno ambalo kwa Kifaransa maana yake ni makaa. Huo si mzaha kwa mtu anayetuma vipuri ng'ambo ya mpaka. Nimeshuhudia mfanyabiashara akiagizwa na fundi alete sharbo za demareri kutoka Kasulu. Dukani hawakujua sharbo ni nini, wakaelewa demareri baada ya ishara nyingi za mikono, wakamuuzia stata nzima. Alihitaji vipande viwili vya kaboni vinavyoenea kwenye kiganja cha mtoto. Ushauri wangu ni kubeba kile kilichoharibika mfukoni, ukaonyeshe.

Foleni za mafuta, ambazo nchi yetu imezipata mara kwa mara kuanzia 2021, nazo zimeziumiza betri. Dereva anawasha, anasogea hatua kumi, anazima, anawasha tena. Altaneta haipati muda wa kurudisha kilichotumika. Afadhali kusukuma gari kwa mikono, na pale unapowasha usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Pumzisha nusu dakika ndipo ujaribu tena, maana stata inaungua kwa joto.

Kuna mtindo mmoja naupinga waziwazi: kulala chini ya gari na kuunganisha ncha za solenoidi kwa bisibisi ili injini iwake. Mafundi vijana huuona ni ujanja. Gari likiwa limeachwa kwenye gia litaruka mbele na kumpanda aliye chini yake, na cheche karibu na betri inayotoa gesi zinaweza kuilipua.

Sasa nirudi kwenye fedha. Wengi wetu tunaona aibu kwa fundi kudai malipo wakati hakufunga chochote, tunasema ametuibia kwa kuangalia tu. Lakini daktari tunamlipa kwa kuangalia. Fundi mwenye mita ya umeme anahitaji dakika 15 kutupatia namba tatu. Ya kwanza ni volti za betri iliyotulia usiku kucha: 12.6 imejaa, 12.0 karibu imekwisha. Ya pili ni volti za betri hiyo hiyo wakati stata inazungushwa: zikishuka chini ya 9.6 kwa betri iliyochajiwa, shughulikia betri kwanza. Ya tatu ni volti zinazopotea njiani kwenye waya, yaani unaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye nati ya stata huku gari linapigwa stata, zikizidi 0.5, waya au terminali zina kosa. Upande wa ethi usizidi 0.3. Kama namba zote tatu ni nzuri na stata bado imegoma, basi ifunguliwe, na mwenye gari aonyeshwe kilicholika kabla hajatoa pesa.

Mimi na fundi wangu tumepatana bei ya kipimo, naye huniandikia zile namba kwenye daftari la shule ninalomwachia ndani ya gari. Mwaka jana nilimlipa mara mbili. Mara ya kwanza alikaza nati moja. Mara ya pili alisema betri ina miezi michache tu iliyobaki, nianze kuweka akiba.