KWELI CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE?

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Sina nia ya kushindana na wahenga, lakini leo nina swali dogo kwao: je, na kama chanda chenyewe ni cha msichana na pete yenyewe ni ya kandanda?

Muhula uliopita sisi wasichana tulimwendea kiranja wa michezo tukaomba siku moja ya kuutumia uwanja. Siku moja tu kati ya tano! Jibu lake lilikuwa fupi: "Leteni kombe kwanza, ndipo mpewe uwanja." Wavulana waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mimi ndiye mlinda lango wa timu hiyo, na nakiri kwamba siku hiyo nilikosa la kusema. Leo ninalo. Hebu twendeni Brazili, nchi ambayo wavulana hao hao hupenda kuvaa jezi zake.

Katika mji wa bandari wa Santos kuna klabu iliyoanzishwa tarehe 14 Aprili 1912. Ndiyo klabu ya Pelé, aliyeichezea tangu mwaka 1956 hadi 1974. Nani asiyemjua Pelé? Lakini ni wangapi wetu tunaojua kwamba katika miaka hiyo yote wanawake wa Brazili walikuwa wamekatazwa kucheza? Tarehe 14 Aprili 1941, siku ambayo klabu ilikuwa ikitimiza miaka 29, serikali ya Getúlio Vargas ilitoa amri kwamba wanawake wasishiriki michezo isiyopatana na maumbile yao. Mwaka 1965 kandanda ikatajwa waziwazi. Amri hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1979. Brazili ilinyakua Kombe la Dunia mwaka 1958, 1962 na 1970 huku nusu ya wananchi wake wakizuiwa kuupiga mpira. Ati maumbile!

Baadaye Santos nayo ikaunda timu ya wanawake. Mashabiki wakawaita Sereias da Vila, yaani nguva wa Vila, kwa jina la uwanja wao wa Vila Belmiro. Nguva hao hawakuwa na mchezo. Walitwaa Kombe la Brazili mwaka 2008, wakalitwaa tena mwaka 2009. Mwaka huo huo wa 2009 Copa Libertadores ya wanawake, kombe la klabu za Amerika Kusini, ilichezwa kwa mara ya kwanza. Santos, wakiwa na Marta na Cristiane, waliingia fainali na kuwacharaza Universidad Autónoma ya Paraguay mabao 9 kwa 0. Tisa, jamani! Mwaka 2010 wakalitwaa tena kombe hilo kwa kuwalaza Everton ya Chile bao 1 kwa 0.

Kiranja wetu angesema: haya basi, kombe limeletwa, wapewe uwanja. Wapi! Januari 2012, mwaka ambao klabu ilikuwa ikisherehekea miaka 100, uongozi uliifunga timu hiyo. Sababu ilikuwa pesa. Miezi michache tu kabla ya hapo, Neymar alikuwa ameongezewa mkataba ili asihamie Ulaya. Chanda kilivikwa pete, kisha kikakatwa.

Timu ilirudishwa mwaka 2015, na mwaka 2017 ikawa bingwa wa Brazili. Lakini lililobadilisha mambo zaidi si kombe. Ni sheria. Shirikisho la soka la Amerika Kusini liliamua kwamba kuanzia mwaka 2019, klabu inayotaka kucheza Libertadores ya wanaume sharti iwe na timu ya wanawake. Klabu zilizokuwa zikilia hazina pesa zikaipata mara moja!

Najua wako watakaosema kwamba uwanja ni mmoja na wavulana wana mashindano. Ni kweli, uwanja ni mmoja. Lakini kwani kombe hupatikanaje bila mazoezi? Mtaka cha mvunguni huinama; sisi hata nafasi ya kuinama hatujapewa. Na hata tukilileta hilo kombe, nani atatuhakikishia kwamba hatutafanyiwa kama nguva wa Santos?

Kwa hivyo, walimu wetu wapenzi, siombi ahadi za mdomo. Ombi langu ni kwamba siku ya wasichana iandikwe kwenye ratiba ya michezo na kubandikwa ubaoni, tushinde au tushindwe. Wavulana nao hawajaleta kombe miaka mitatu sasa, na sijasikia mtu akiwanyang'anya uwanja.

Nawe kiranja, kama unasoma haya, nimekusamehe kile kicheko. Njoo Alhamisi unipigie penalti. Tuone kama utaifunga.