Fakitire ya mwisho haifiki kamwe

Ndugu Mhariri,

Anayehama nyumba Bukavu siku hizi hulipa garanti mara tatu: ya nyumba, ya umeme na ya maji. Ile ya kwanza ina sheria yake na huandikwa katika mkataba. Hizi mbili za nyuma hazina karatasi, na nikisema hazirudi, sidhani kama kuna mpangaji wa Kadutu atakayenibishia.

Nianze na ya nyumba, nisije nikaambiwa nachanganya mambo. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo: garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anaijua, komisioneri anayetutafutia nyumba anaijua kuliko sisi sote, na bado utasikia, “Huku ni sita, mama, kama hutaki wengine wanangoja.” Tunakwenda kwenye likelemba yetu ya kuchangiana, tunambembeleza mwenzetu atuachie zamu yake, tunaleta. Hapo napo kuna kazi. Dola zinainuliwa juani moja moja. Iliyochanika kidogo pembeni inarudishwa, iliyochakaa inarudishwa, nawe uende kwa kambisti ukaibadilishe kwa hasara. Komisioneri amekaa pembeni anasubiri mwezi wake.

Basi, hayo tumeyazoea. Ninalolalamikia ni lile linalotajwa wakati vitanda vimeshashushwa na watoto wamekaa juu ya magodoro uani: “Bado ya moto na ya maji.” Mimi niliambiwa hamsini za umeme na thelathini za maji. Nikauliza zinaandikwa wapi. Mwenye nyumba akacheka, akaniuliza kama simwamini. Ungejibu nini, Mhariri, na mvua ya Bukavu hiyo inakuja?

Sasa tuangalie pesa hiyo inalinda nini. Katika parseli zetu nyingi mita ni moja na milango ni sita au saba. Jina lililoandikwa kwenye fakitire ni la babu aliyekwisha kufariki, au la mtu aliyehamia Kinshasa zamani. Mmoja ana taa mbili na simu ya kuchaji. Mwingine ana frija ya kuuzia soda na bia, mwingine anapiga pasi nguo za watu kutwa. Fakitire ikija inagawanywa kwa milango. Na mara nyingi haijasomwa kwenye mita. Ni ya kukadiria tu, na haipungui hata mwezi ambao delestaji imetulaza gizani wiki nzima. Kwa maji ni vilevile: bomba linakauka, tunashuka na bidoni mpaka kwa jirani mwenye tangi, kila bidoni kwa pesa yake, na fakitire ya bomba kavu inakuja.

Nyumba niliyohamia ilikuwa na deni la waliotangulia. Hakuna aliyenieleza. Walikuja mafundi, wakaweka ngazi kwenye nguzo, wakakata waya. Nikawaonyesha mkataba wangu wenye tarehe ya kuingia. Mkubwa wao akaniambia deni ni la nyumba, si la mtu. Nililipa, kwa sababu mtoto alikuwa na mtihani na mshumaa nao si bure. Lakini kule nilikotoka garanti yangu ilibaki, nikaambiwa fakitire ya mwisho haijafika. Yaani mbele deni ni la nyumba, nalilipa mimi. Nyuma deni ni la mtu, na mtu huyo tena ni mimi.

Siwatetei wapangaji wanaohama usiku na kuacha fakitire za miezi. Wapo, na ndio waliowafundisha wenye nyumba woga. Ila mwenye nyumba anayeogopa deni angeandika namba ya mita siku ninapoingia na siku ninapotoka. Haandiki. Sababu tunaijua: karatasi yoyote yenye sahihi yake inaweza kuishia mezani kwa watu wa kodi ya mapato ya nyumba, ile IRL ya jimbo. Afadhali pesa iende mkono kwa mkono. Na tangu benki za hapa zilipofunga milango Februari 2025, kuna jibu jingine tayari: pesa yako iko benki, subiri zifungue. Garanti ya umeme ya dola hamsini, benki!

Ukivuka Ruzizi ukaingia Kamembe, mpangaji ananunua umeme kabla ya kuutumia. Anaingiza tarakimu kwenye kashipawa, zikimalizika taa inazimika, na anayemfuata hana deni la kurithi. Wala umeme wao si wa mto mwingine. Ruzizi II, iliyoanza kufanya kazi 1989, ni mali ya Congo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na maji yanayozungusha mitambo ile ni ya ziwa letu hili hili la Kivu. Sisemi Kamembe umeme ni rahisi, waulize wenyewe. Nasema kule hakuna anayeombwa garanti ya moto alioutumia mtu mwingine.

Hatuwezi kungoja mpaka kila mlango wa Bukavu upate kashipawa yake. Lakini fomu ya mkataba wa nyumba inatoka kwenye ofisi ya makazi ya komini, na tunainunua. Ibanda, Kadutu na Bagira wanaweza kuongeza mistari michache humo: mita inasoma ngapi leo, deni lililopo ni la nani, garanti ya umeme na maji ni kiasi gani na itarudishwa siku ngapi baada ya funguo kukabidhiwa. Mkubwa wa avenyu atie sahihi. Na waya usikatwe kwa deni lililotangulia tarehe iliyoandikwa pale. Atafutwe mwenye parseli, kwani parseli haihami.

Wenye nyumba nao wana haki ya kujibu katika ukurasa huu. Mimi ningependa kusikia kwao ile fakitire ya mwisho hupitia njia gani mpaka isifike.

Mama mpangaji,
Nyamugo, Kadutu, Bukavu